Kitu Kinachosimamisha Mti na Kuharibu Karatasi

Mkiisha kulisoma gazeti hili, kateni kipande cha ukingo kisicho na maandishi. Nusu yake ifunikeni kwa ubao, na nusu ya pili iacheni juani siku tatu nne. Kisha ondoeni ubao mtazame. Sehemu iliyofunikwa itakuwa kama ilivyokuwa, na ile iliyopigwa na jua itakuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Sasa fanyeni vivyo hivyo kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa hakigeuki manjano hivyo. Mama zetu hukianika juani makusudi ili kizidi kuwa cheupe.

Gazeti limetokana na mmea, na pamba nayo ni mmea. Tofauti yao ni kitu kimoja, nacho kinaitwa lignini. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa mimea Augustin de Candolle mwaka 1813, akalitwaa katika neno la Kilatini lignum, maana yake mti au ubao. Wazee wetu waliosikia ibada ya Ijumaa Kuu kwa Kilatini walilisikia neno hilo kila mwaka, Msalaba ulipofunuliwa.

Ili kujua kazi ya lignini, itazameni nyumba ya udongo. Kwanza husimikwa miti, kisha hufungwa fito kwa kamba, mwisho hukandikwa udongo. Fito peke yake hupepesuka. Udongo peke yake hubomoka. Vikiwa pamoja, mtu hulala ndani miaka ishirini. Basi mti umejengwa namna hiyo hiyo. Fito zake ni nyuzi nyembamba sana zisizoonekana kwa macho, ziitwazo selulosi. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyezitenga na kuzieleza mwaka 1838. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni hizo nyuzi. Udongo wake ndio lignini, kiasi cha robo ya uzito, na katika miti mingine karibu theluthi. Katikati yao kuna kitu cha tatu, hemiselulosi, kinachoshikamanisha hivyo viwili, tutakiacha leo.

Lignini hufanya kazi mbili. Huupa mti ugumu wa kusimama wima na kubeba matawi yake, na huzipaka kuta za mifereji ya ndani ili maji yapande toka mizizini mpaka majani ya kileleni bila kuvujia njiani. Kama si lignini, duniani pasingekuwa na mninga wala mvule. Mimea yote ingetambaa chini kama kuvu la mawe.

Utazameni mgomba. Ni mrefu kuliko mtu, lakini si mti. Shina lake ni mikunjo ya majani iliyojaa maji, na lignini yake ni kidogo. Upepo mmoja wa masika, na mkungu uko chini. Kwa hiyo mkulima huuwekea nguzo, maana yake anauazima mgomba lignini ya mti mwingine.

Mwanamke wa jikoni anaijua lignini vizuri kuliko mwalimu, ila hajaambiwa jina lake. Bamia changa hukatika kwa kidole. Bamia iliyokaa juma zima mtini haikatiki hata kwa kisu, na ukiipika watoto huitema. Mchicha uliokomaa una nyuzi shinani. Mwanzi ukiwa mchanga ni laini, na baada ya miaka mitatu hivi hujenga paa. Katika yote hayo mmea umekuwa ukijaza lignini katika kuta zake, kwa kuwa unataka kusimama na kuzaa, wala haufikirii sufuria yetu.

Hapa niwaambie jambo la ng'ombe, maana wengi hupoteza maziwa kwa kutolijua. Ng'ombe ana vijidudu katika tumbo lake la kwanza, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyovunja selulosi na kumpatia chakula. Sisi hatuna, ndiyo maana hatuli majani makavu. Lakini lignini haivunjwi na vijidudu hivyo. Tena imeizunguka selulosi kama udongo ulivyozizunguka fito, hata kile kinacholika hakifikiki. Kwa hiyo mabingobingo yaliyoachwa mpaka yakampita mtu kwa urefu ni mengi kwa macho tu. Ng'ombe atajaza tumbo, atacheua kutwa, na jioni maziwa yatakuwa kikombe. Yakateni yakiwa yamefika kiunoni au mita 1 hivi. Mtu husema, ngoja yakue yawe mengi. Anakusanya kuni.

Mabua ya mahindi baada ya mavuno nayo ni hivyo hivyo. Kuyakatakata vipande vifupi husaidia, kwa sababu mnyama hali kwa kuchagua na hapotezi. Mabwana mifugo wengine hufundisha kuyalainisha kwa maji yenye mbolea ya urea na kuyafunika yasipate hewa kwa majuma matatu hivi. Njia hiyo ni ya kweli, inaulegeza ule udongo. Lakini urea ikizidi, au mnyama akiyanywa yale maji, hufa upesi. Asiijaribu mtu kwa kusoma gazetini. Amwite bwana mifugo amwonyeshe vipimo kwa mkono.

Sasa turudi kwenye karatasi. Mtengenezaji wa karatasi wa kwanza duniani ni nyigu. Mmewaona wakining'iniza nyumba zao za kijivu chini ya paa la shule. Nyigu hukwangua ubao mkuukuu, hutafuna kwa mate, kisha huutandaza mwembamba, nao ukikauka ni karatasi kabisa. Mwaka 1719 mtaalamu wa Kifaransa, Réaumur, aliwaambia wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba nyigu wanatufundisha kuwa karatasi yaweza kutengenezwa kwa mti. Hawakumfuata. Watu wa Ulaya waliendelea kutengeneza karatasi kwa matambara ya kitani na pamba. (Kitani, si katani, katani ni ya mkonge.) Kitani na pamba zina selulosi karibu tupu. Ndiyo sababu Biblia alizochapa Gutenberg mjini Mainz karibu na mwaka 1455 zipo hata leo. Nakala 49 hivi zimebaki, nyingine pungufu, na zile zilizochapwa kwenye karatasi bado zasomeka vizuri, kurasa zake hazivunjiki mtu akizifunua.

Lakini watu walipozidi kujua kusoma, matambara yalipungua. Katika miaka ya 1840 mfumaji mmoja wa Saxony, Friedrich Gottlob Keller, alishindilia gogo kwenye jiwe la kunolea linalozunguka katika maji, akapata uji wa mti, na uji huo akaugeuza karatasi. Tangu hapo karatasi ikawa rahisi, na gazeti likaweza kumfikia maskini. Jambo hilo ni jema wala tusilidharau. Ila Keller alisaga mti mzima, fito na udongo wake. Lignini yote ilibaki humo. Karatasi nyingi za magazeti hutengenezwa kwa njia ya kusaga mpaka leo, kwa sababu katika kila kilo 100 za mti hupatikana zaidi ya kilo 90 za karatasi. Bei huwa ndogo.

Njia ya pili ni kupika. Mkemia Carl Dahl, huko Danzig mwaka 1879, alianza kuchemsha vipande vya mti pamoja na magadi makali na dawa yenye kiberiti ndani ya birika kubwa lililofungwa. Joto lake hufika nyuzi 170 hivi, kupita maji yachemkayo. Lignini huyeyuka ikatoka, nyuzi zikabaki nzima na ndefu. Karatasi hiyo iliitwa kraft, yaani nguvu kwa Kijerumani. Mnaijua: ndiyo ya mifuko ya saruji. Rangi yake ya kahawia yatokana na lignini kidogo iliyosalia. Wakitaka iwe nyeupe ya madaftari, huichuja tena kwa dawa za kung'arisha. Hasara ya njia hii ni kwamba kilo 100 za mti hutoa chini ya kilo 50 za karatasi, na harufu ya kiberiti hupita vijijini kama mayai viza. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa mipaini ya msitu wa Sao Hill, ni cha namna hii ya kupika. Webuye, nchini Kenya, walianza mwaka 1974.

Labda utauliza, lignini iliyotolewa hutupwa wapi? Haitupwi. Yale maji meusi hupunguzwa maji mpaka yawe mazito kama asali, kisha huchomwa katika tanuru. Kilo kwa kilo, lignini hutoa joto kuliko selulosi, hivyo kiwanda hujipatia mvuke na umeme wake, na magadi hurudishwa kupikia tena. Viwanda vingine vinavyopika kwa dawa tofauti huiuza lignini yao. Huchanganywa katika zege ili lisihitaji maji mengi, humwagwa juu ya barabara za vumbi, na huko Norway wapo wanaotengeneza kwayo harufu ya vanila. Nawaambia wakulima wa vanila wa Kagera wasishangae wakisikia kwamba biskuti nyingi zinazonukia vanila hazikuliona shamba la vanila hata mara moja. Siku hizi sehemu kubwa ya harufu hiyo ya viwandani hutokana na mafuta ya petroli.

Mkonge wasimama katikati ya haya mawili. Dr. Richard Hindorf alipouleta Tanga mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kwa hiyo 62 yakaja mashamba yote tunayoyajua. Nyuzi za katani zina lignini kama sehemu moja ya kumi, wakati pamba haina karibu kabisa. Basi pamba huwa shati, na katani huwa kamba. Atakayevaa shati la katani ataomba kulivua kabla ya mahubiri.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike yote haya.

Katika ofisi ya parokia huja watu kila juma kutafuta cheti cha ubatizo. Mmoja anataka kufunga ndoa, mwingine mtoto wake aanze shule na hana karatasi nyingine inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa, mwingine ni mzee anayetaka kujua miaka yake. Wengi huleta cheti cha zamani. Hukitoa katika mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni kimeviringishwa katika gazeti. Nifunguapo, gazeti limekuwa la rangi ya chai, na cheti nacho kimeiga rangi ile ile, kimekatika katika mikunjo yake minne, na mara nyingi jina la baba liko hasa pale palipokatika.

Hilo si bahati mbaya, lina sababu. Mwanga wa jua na hewa vikiigusa lignini, huibadilisha iwe vitu vyenye rangi ya manjano na kahawia. Hiyo ni rangi tu. La pili ni baya zaidi. Karatasi nyingi za karne ya 19 na ya 20 zilitiwa shabu kiwandani ili wino usisambae, na shabu huzaa asidi. Karatasi ya kusagwa, ikizeeka, huzidi kuzaa asidi yake yenyewe. Asidi hukata nyuzi za selulosi vipande vipande, polepole, hata karatasi ikikunjwa ivunjike kama jani kavu. Tena asidi hutembea. Karatasi mbaya ikilala juu ya karatasi nzuri, huiambukiza. Kwa hiyo kukihifadhi cheti ndani ya gazeti ni kama kuweka chungwa zima katikati ya machungwa yaliyooza.

Mtu atasema, cheti kikiharibika si kitu, kitabu kikubwa kipo parokiani. Kweli kipo. Kanisa lilianza kuwaamuru maparoko wote waandike ndoa katika kitabu kwa agizo la Mtaguso wa Trento la mwaka 1563, na ubatizo nao huandikwa vivyo hivyo. Lakini kitabu kile nacho ni karatasi. Kama kilinunuliwa wakati wa dhiki, kikatengenezwa kwa uji wa kusagwa, kinageuka rangi kabatini. Cheti kikipotea, kitabu kitajibu. Kitabu kikivunjika, itabidi kutafuta mashahidi, na wasimamizi wengi wa ubatizo wa zamani wamekwisha kufa.

Basi fanyeni hivi. Cheti msikikunje, kama kimekwisha kukunjwa, kinyosheni na kukiacha kimenyoka. Kitieni katika bahasha ya karatasi nyeupe nzuri, wala si gazeti, wala si mfuko wa saruji. Msikibandike kwa utepe wa gundi mahali palipopasuka, kwani gundi ile hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Wala msikimbilie kukifunga ndani ya plastiki kwa moto kwa yule kijana wa sokoni. Kikiisha kufungwa hivyo hakifunguki tena, na ofisini hatuwezi kuandika wala kugonga muhuri juu yake. Picha iliyokatwa gazetini ya marehemu babu isilazwe ndani ya kitabu cha sala wala karibu na cheti. Iwe na bahasha yake. Na vyote viwe mbali na dirisha na mbali na moshi wa jiko.

Kwa makatekista wa vigango nina ombi moja. Orodha za wakatekumeni na za wabatizwa zinazoandikwa nyuma ya matangazo au katika karatasi za kufungia bidhaa, zileteni ofisini zinakiliwe mapema. Mwaka mmoja juu ya dirisha la kanisa la kigango watosha kuziharibu.

Limesalia jambo la mchwa, maana hata karatasi bora kupita zote haimshindi mchwa. Yeye hatafuti lignini, anatafuta selulosi, na karatasi nyeupe kwake ni chakula kilichokwisha kumenywa. Mti anaukuta na maganda yake, yaani lignini, na hiyo hawezi kuimeng'enya vizuri peke yake. Kwa hiyo mchwa wajengao vichuguu wamejifunza kulima. Hutafuna kuni, huzipeleka ndani ya kichuguu, huzijenga kama sega, na juu yake huotesha kuvu. Kuvu hilo huvunja lignini, na chakula kikiisha kulainika mchwa hula. Mvua za kwanza zikinyesha, kuvu lile lile huchipua nje ya kichuguu, nasi twaliita uyoga wa kichuguuni na kugombana nani aliuona kwanza. Huko Zambia na Katanga uko wa jamii hiyo ambao kofia yake hufikia karibu mita 1 kwa upana, watosha nyumba nzima. Kuvu la aina nyingine hufanya kazi hiyo juu ya magogo yaliyoanguka. Gogo likibaki jeupe na laini kama sufi, mjue lignini yake imeliwa kwanza. Likibaki la kahawia na kumeguka vipande vya pembe nne, selulosi ndiyo iliyoliwa, na udongo ndio uliobaki.

Mchwa huja kwa njia ya ardhi na kuta, na hupenda giza na unyevu. Sanduku la vyeti lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta. Liwekeni juu ya meza au rafu yenye miguu, mkono mmoja mbali na ukuta, na kila mwezi lifunguliwe, vitu vitolewe, miguu ya meza ichunguzwe kama haina njia ya udongo iliyopanda juu. Sanduku la bati ni bora kuliko la mbao, lakini kifuniko chake kifungwe vizuri, na wakati wa masika lisiachwe miezi bila kupewa hewa, kwa sababu bati hutoa jasho ndani na karatasi hupata ukungu. Aliye na cheti kilichokwisha kukatika asikitupe wala asikiunge mwenyewe. Akilete jinsi kilivyo, vipande vyote katika bahasha moja, siku za kazi asubuhi, tukilinganishe na kitabu wakati kitabu bado kinasomeka.